Nataka kuwa mnasihi wa shule huku Texas: shahada yangu ya ualimu itanifikisha wapi?

Shikamoo Mwalimu,

Nina umri wa miaka 38. Nilipata shahada ya ualimu katika chuo kikuu cha umma nyumbani Tanzania, kisha nikafundisha Kiswahili na Historia kwa miaka tisa katika shule ya sekondari ya kata mkoani Morogoro. Katika miaka minne ya mwisho mkuu wa shule aliniteua kuwa mwalimu wa ushauri na unasihi. Walimu wenzangu wanaujua uteuzi wa namna hiyo: ulitangazwa kwenye kikao cha asubuhi, bila mafunzo, bila chumba, na vipindi vyangu 24 kwa wiki vikabaki vilevile. Nilikuwa nikikaa na wanafunzi chini ya mwembe nyuma ya maktaba, na kusema kweli kazi hiyo niliipenda kuliko kufundisha.

Mwaka 2022 familia yetu ilipata ukaazi wa kudumu wa Marekani kupitia bahati nasibu ya viza. Sasa tunaishi kaskazini mwa Dallas, nami ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya umma yenye darasa la sita hadi la nane. Kwa kuwa shuleni pana watoto wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wa familia za Kikongo zilizopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Tanzania, mara kwa mara huitwa ofisini kwa mnasihi ili nitafsiri.

Mwezi uliopita niliitwa kwa ajili ya mvulana mmoja. Mnasihi alimwuliza amelala vipi wiki ile. Mtoto akanigeukia, akaniambia kwamba yeye hulala na viatu miguuni. Nikamjibu, «Pole mwanangu, hapa hakuna wa kuwakimbiza, vua viatu ulale, umshukuru Mungu.» Akanyamaza, na hakusema tena neno mpaka kengele ikalia. Mnasihi akaniuliza kwa upole: «Amesema nini, na wewe umemwambia nini?» Nilipomweleza aliinamisha kichwa, akaandika kitu, akanishukuru. Niliona aibu ambayo sikuielewa vizuri, kwa sababu huko nyumbani ningeambiwa nimempa mtoto maneno mazuri. Siku hiyohiyo niliamua kwamba kazi hii nataka kuisomea.

Sasa nimechanganyikiwa kwa ushauri wa watu. Kuna kampuni inayotangaza cheti cha unasihi wa shule kwa njia ya mtandao, wiki 12, dola 1,500 kwa awamu, na wanasema kinatambulika katika majimbo yote 50. Dada mmoja tunayesali naye anasema nisipoteze muda, kwa sababu ni lazima kwanza nifundishe darasani huku Texas kwa miaka miwili. Binamu yangu aliye Ohio ananiambia niachane na shule kabisa, nisomee LPC, leseni ya mshauri nasaha wa kujitegemea, ili nifungue ofisi yangu. Naomba unieleze: shahada yangu inahesabika? Miaka yangu minne ya unasihi je? Na mtu anayeingia kazini saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa tisa na nusu alasiri atayasoma haya yote lini?

Mwalimu msaidizi, kaskazini mwa Dallas

*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kabla ya kuichapisha barua yako nimebadilisha mambo mawili matatu katika kisa cha yule mtoto ili asitambulike hata na anayesoma naye. Nakwambia hilo mapema kwa sababu ndilo somo la kwanza utakalokutana nalo: tangu mwaka 1974 ipo sheria ya taifa inayolinda kumbukumbu za wanafunzi, huku inajulikana kwa kifupi chake, FERPA, na zaidi ya sheria ipo miiko ya taaluma inayombana mnasihi hata anapozungumza na watu wake wa karibu.

Zile dola 1,500 kaa nazo. Marekani haina cheti kimoja cha taifa kinachomruhusu mtu kuwa mnasihi katika shule za umma. Kila jimbo hutoa chake kwa masharti yake, na kwa sababu hiyo cheti kinachotambulika katika majimbo yote 50 hakipo, hata kiuzwe kwa dola ngapi. Hata cheti cha Texas chenyewe ukihama nacho kwenda jimbo jingine utalazimika kuomba upya, na huenda ukatakiwa kufanya mtihani mwingine au kuongeza masomo. Kozi ya wiki 12 inaweza kukufundisha jambo, sikatai, lakini afisa wa rasilimali watu wa wilaya ya elimu hataitazama. Yeye ataingiza jina lako kwenye kumbukumbu za mtandaoni za Wakala wa Elimu wa Texas, yaani TEA, na asipoona neno mnasihi mbele ya jina hilo, maombi yako yanaishia hapo.

Ili neno hilo lionekane, Texas inataka uwe na shahada ya uzamili ya ushauri nasaha isiyopungua krediti 48, uwe umemaliza programu ya maandalizi ya wanasihi wa shule iliyoidhinishwa na jimbo, na uwe umefaulu mtihani wa jimbo wa wanasihi, TExES namba 252. Yanayobaki ni maombi, ada na alama za vidole, na vidole vyako nadhani viliskaniwa siku ulipoajiriwa. Krediti hizo huku huitwa saa za muhula, kwa hiyo ukisikia mtu anasema «saa 48» usidhani ni siku mbili za semina, wala usizichanganye na saa za mafunzo kwa vitendo, ambazo ni saa kweli, za kuhesabu kwa mshale wa saa. Somo moja la kawaida huwa na krediti tatu, basi 48 ni masomo 16.

Dada mnayesali naye hakukudanganya. Kwa miaka mingi Texas ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyomtaka mnasihi awe amefundisha darasani kwa miaka miwili kwanza, na wengi wetu tulioipata kazi hii zamani tulipitia mlango huo. Mwaka 2023 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyoliondoa sharti hilo. Habari za vyeti hutufikia wageni zikiwa zimepoa, na kila anayezipokeza huzipokeza kwa nia njema, kwa hiyo jizoeze kumwuliza anayekushauri alipata cheti chake mwaka gani. Hata hivyo miaka yako tisa ya chaki isikuponyoke. Kisheria hulazimiki kuwa nayo, lakini mkuu wa shule anayechagua kati ya waombaji wawili humtazama kwa jicho jingine yule aliyewahi kusimama mbele ya wanafunzi 60 siku ya Ijumaa alasiri, maana mnasihi huku huingia madarasani kufundisha masomo ya maisha ya shule, na asiyeweza kulishika darasa hupata tabu.

Shahada yako inahesabika, kwa maana kwamba ndiyo tiketi ya kuingilia uzamili, ila haikupunguzii hata krediti moja ya uzamili wenyewe. Kwa kuwa umeipata nje ya Marekani, itahitaji tathmini ya kampuni inayokubalika, tena tathmini ya somo kwa somo, si ile ya bei nafuu inayosema tu kwamba shahada hii ni sawa na shahada ya huku. Kuna kosa linalowagharimu wengi hapa: wanalipia tathmini kwanza, kisha chuo kinawaambia kampuni hiyo haimo kwenye orodha yake. Anza na chuo. Waulize wanazikubali kampuni zipi, uhakikishe pia kwamba kampuni hiyo imo kwenye orodha ya TEA, ndipo ulipe mara moja. Agiza transkripti kutoka chuo chako cha nyumbani ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa mhuri juu ya mshono, isafirishwe moja kwa moja bila kupitia mkononi mwako. Nakala uliyonayo kwenye sanduku, hata ikiwa halisi, itakataliwa. Kuhusu mtihani wa Kiingereza, jimbo lina orodha ya nchi ambazo waliosomea vyuo vyake husamehewa; itazame orodha hiyo kabla hujajiandikisha kwa mtihani wowote wa lugha.

Nimekuja kwenye ile miaka minne chini ya mwembe. Haihesabiki, na ningependa nikueleze kwa nini, kwa sababu wewe mwenyewe umeshaliona jibu ila hujalitamka.

Mvulana amesema analala na viatu. Katika sentensi hiyo kuna usiku, kuna kukimbia, huenda kuna mtu aliyechelewa kuvaa viatu akabaki nyuma. Wewe ukamwambia avue. Ulimpa wosia, na wosia ni kitu cha heshima kwetu. Sisi wa Pwani tumelelewa na kungwi na somo, watu ambao kazi yao ni kuwa na la kusema. Mwalimu mlezi naye huthaminiwa kwa maneno yake. Lakini wosia huufunga mlango wa mazungumzo, kwa sababu mtoto mwenye adabu akishausiwa huitikia na kunyamaza, na ndivyo alivyofanya. Mnasihi aliyefunzwa angemwuliza viatu hivyo ni vya aina gani, au angekaa kimya kidogo na kungoja, na huo ukimya wa sekunde chache ni mgumu kujifunza kuliko masomo yote ya nadharia.

Mimi nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo tulitakiwa kurekodi mazungumzo yetu kwa kibali cha mzazi, kisha msimamizi anayasikiliza pamoja nasi. Nilikwenda na mkanda wangu wa kwanza kwa fahari. Msimamizi alikuwa mama wa makamo, mwenye saa ya mkononi ya kizamani. Aliusikiliza mpaka mwisho huku akiandika dakika pembeni ya karatasi, kisha akanionyesha hesabu yake: kati ya dakika 30 nilikuwa nimezungumza mimi dakika 19. Hakunikemea. Alinirudisha kwenye dakika ya nne, ambako msichana alisema «sijui kama nitarudi kwa baba», nami nikamjibu kwa habari za umuhimu wa elimu. Nilitamani ardhi ipasuke. Kitu hicho hakifundishwi kwa wiki 12 mbele ya kompyuta, na hakikufundishwa chini ya mwembe wako wala wangu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kutusikiliza sisi tukisikiliza.

Kwa hiyo unapochagua programu, swali lako la kwanza liwe juu ya saa za vitendo na nani atakayekusimamia. Kiwango cha chini cha Texas ni saa 160, nami nakwambia wazi kwamba ni kidogo. Baraza la ithibati la programu za ushauri nasaha, CACREP, linadai saa 100 za utangulizi, 40 kati yake zikiwa ana kwa ana na wanafunzi, kisha saa 600 za mafunzo kazini, 240 zikiwa ana kwa ana, na usimamizi wa kila wiki. Jimbo halikulazimishi kusoma programu yenye ithibati hiyo, na zipo nzuri zisizo nayo, lakini kwa mtu aliyetoka nje, ambaye hana jina wala mjomba katika wilaya yoyote, ithibati hiyo humsaidia kueleweka popote atakapokwenda. University of North Texas iliyoko Denton, si mbali na kwako, inayo, na Sam Houston State University ya Huntsville inayo pia. Vyuo viko vingi zaidi ya hivyo, na vingine hufundisha kwa mtandao. Masomo ya mtandaoni hayana ubaya wowote mradi chuo chenyewe kina ithibati, programu imo kwenye orodha ya TEA ya wanasihi wa shule, na saa za vitendo zinafanyika katika shule yenye watoto. Hakikisha hilo la pili kwa makini: ziko shahada za uzamili za ushauri nasaha zinazowaandaa watu kwa kliniki tu, na anayehitimu huko hujikuta na shahada nzuri lakini hana wa kumpendekeza kwa cheti cha shule, akarudi kusoma tena.

Binamu yako wa Ohio amegusa jambo la maana ingawa amelikosea mwelekeo. LPC ni leseni ya mshauri nasaha wa kitaaluma anayetibu watu kwenye ofisi au kliniki, nayo hutolewa na chombo kingine kabisa cha jimbo. Huku Texas inahitaji uzamili wa krediti 60, mtihani wake wenyewe, na baada ya kuhitimu saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, nusu yake zikiwa za kukaa na wateja. Leseni hiyo peke yake haikupi cheti cha shule, wala cheti cha shule hakikupi ruhusa ya kufungua ofisi. Wewe umesema unataka shule, basi nenda shule. Lakini kama uwezo unaruhusu, soma programu ya krediti 60 badala ya 48. CACREP sasa inadai 60 kwa programu zote, na majimbo kadhaa huangalia idadi hiyo unapohamia. Tofauti ni masomo manne. Ukisoma masomo mawili kila muhula, na mihula mitatu kwa mwaka pamoja na ule wa kiangazi, masomo manne ni mihula miwili tu, na mlango wa LPC unabaki wazi kama miguu itachoka kutembea korido. Watu niliowaona wakijuta ni wale waliosimamia 48, kisha miaka mitano baadaye wakatafuta chuo cha kuwauzia krediti 12 pekee. Vyuo havipendi kuuza rejareja.

Kwa mwendo huo wa masomo mawili kila muhula, krediti 60 zitakuchukua miaka mitatu na miezi kadhaa. Masomo mengi hufundishwa jioni kwa sababu wanaosoma ni walimu kama wewe, na hapo kazi yako haitagombana na chuo. Ugomvi utaanza mwaka wa mwisho. Shule hufunguliwa mchana, na mchana wewe uko kazini. Saa 600 zikigawanywa katika mihula miwili ya wiki 15 ni kama saa 20 kila wiki, zote za mchana, na zile unazofanya ukiwa msaidizi wa mwalimu au mtafsiri hazihesabiwi hata kama umekaa kwenye kiti cha ofisi ya mnasihi kutwa nzima. Hapa ndipo wasaidizi wa walimu wengi hukwama, tena wakiwa wamebakiza hatua moja, na sababu ni kwamba hawakulizungumza mapema.

Lizungumze mwaka mmoja kabla. Mwendee mkuu wako wa shule ukiwa na barua ya chuo inayoeleza saa zinazohitajika, umwombe mpangilio: labda siku mbili kwa wiki bila malipo, labda kubadilishiwa zamu, labda kuhamishiwa nafasi ya nusu siku kwa muhula mmoja. Wilaya zinatofautiana sana, na jibu la kwanza mara nyingi huwa hapana kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Ukikubaliwa, omba ufanyie mafunzo hayo katika shule nyingine ya wilaya hiyohiyo. Watoto wa shuleni kwako wanakujua kama shangazi anayetafsiri, na si haki kwao wala kwako kubadilika ghafla ukawa mtu mwingine ndani ya chumba kilekile. Uliza pia chuo kama kina utaratibu wa cheti cha muda unaomwezesha mwanafunzi wa hatua za mwisho kuajiriwa akiwa bado anamalizia. Mimi sikupata mpangilio wowote. Nilifanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee, nikatoka saa moja asubuhi, nikabadilisha viatu ndani ya gari na kuingia shuleni, na chakula cha mchana nilikifanya usingizi. Nilimaliza, lakini simshauri mtu mwenye watoto wadogo kufuata njia hiyo, na najua kuna wanafunzi wa wiki zile waliopata nusu yangu tu.

Kuhusu ada, ukiwa mkaazi wa kudumu una haki ya kujaza FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo, na kupata mkopo wa serikali kuu. Ruzuku ya Pell, ambayo huenda umewahi kuisikia, haitolewi kwa shahada ya uzamili. Umeishi Texas zaidi ya miezi 12, basi ada yako iwe ya mkaazi wa jimbo, na chuo cha umma kikikutoza ya mgeni usilipe kabla hujauliza. Iulize na wilaya yako, kwa maana baadhi huwasaidia ada wafanyakazi wanaosomea nafasi zenye upungufu.

Mtihani namba 252 usikutie hofu. Una maswali 90 ya kuchagua jibu na swali moja la kuandika, ufaulu ni 240 katika kipimo cha 100 hadi 300, na huwezi kuufanya mpaka programu yako ikuidhinishe. Mwisho ni mara tano, kwa hiyo usiufanye kwa kujaribu bahati. Cheti ukishakipata hudumu miaka mitano, na kukihuisha kunahitaji saa 200 za mafunzo endelevu.

Ningekuficha jambo kama nisingekwambia kazi yenyewe ilivyo. Chama cha wanasihi wa shule cha Marekani, ASCA, kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi nilizozifahamu haziko karibu na hapo. Sheria ya Texas ya 2021 inazitaka wilaya ziwe na sera ya kumwachia mnasihi angalau asilimia 80 ya muda wake kwa kazi za unasihi. Ilitungwa kwa sababu muda huo ulikuwa ukiliwa na kusimamia mitihani, kupanga ratiba na kushika zamu ya bwalo la chakula. Kwenye shule ya sekondari utatumia wiki nzima za majira ya baridi kuwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa mwisho wajaze fomu ya msaada wa masomo, maana jimbo limeiweka kuwa sharti la kuhitimu, isipokuwa mzazi au mwanafunzi aliyetimiza umri atie saini ya kujitoa. Pia utalazimika kuripoti mwenyewe, si kupitia kwa mkuu wa shule, kila unapokuwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto anateswa, na baadhi ya ripoti hizo zitawahusu watu wa jamii yetu, wanaojua unakaa mtaa gani na unasali wapi. Fikiria hilo ukiwa umetulia, uzungumze na mwenzako nyumbani, kwa sababu simu za lawama zitaingia hata kwake.

Kwa sasa endelea kutafsiri, ila zungumza na yule mnasihi juu ya namna ya kutafsiri: maneno ya mtoto kama alivyoyasema, kwa nafsi ya kwanza, bila kuongeza wala kupunguza, na ukitaka kusema lako mwambie mnasihi kwanza. Ameshaonyesha kwamba ana subira na wewe. Mtu kama huyo ndiye wa kumwomba barua ya mapendekezo, na katika maelezo yako ya kuombea chuo usiandike kwamba una uzoefu wa miaka minne wa unasihi. Andika habari ya viatu, bila kumtaja mtoto wala shule, ueleze ulichokosea. Kamati husoma maombi mengi ya watu wanaopenda kusaidia watoto.

La mwisho, na usilingoje: omba sasa barua ya uthibitisho wa utumishi wako kutoka Morogoro, yenye tarehe ya kuanza na kuacha kazi, masomo uliyofundisha, saini na mhuri. Mshahara wa mnasihi wa shule za umma huku hupangwa kwa miaka ya utumishi inayotambuliwa, na ofisi ya rasilimali watu haiwezi kukutambulia mwaka isiouona kwenye karatasi. Yangu niliifuata miezi saba baada ya mkuu wangu kustaafu. Aliyempokea alikuwa mwungwana sana kwenye simu, akalitafuta faili siku tatu, akanirudia akisema kwamba kabati lilikuwa limehamishiwa stoo na stoo ilivuja masika.